Volkano Isiyokuwepo Amboni: Uchambuzi wa Safari Moja ya Kutwa

Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa cha Ngamiani, jijini Tanga, kiliamua kutumia sehemu ya gawio lake kwa safari ya kutwa. Watu waondoke asubuhi, watembee, wale pamoja, warejee kabla ya magharibi. Kijana aliyepewa kazi ya kuratibu alitengeneza tangazo akalituma kwenye kundi lao la WhatsApp. Juu aliandika: "Matembezi ya miamba ya volkano, Amboni." Chini yake akaweka picha ya nguzo nyeusi za mawe zenye pembe sita, zimepangana maelfu kwa maelfu mpaka zinazama baharini. Nafasi za Coaster zilijaa upesi kuliko alivyotarajia.

Nilialikwa kwa kuwa nafundisha jiografia na baadhi ya wanachama ni wazazi wa wanafunzi wangu. Tangazo lenyewe nilionyeshwa asubuhi ya safari, gari limeshawashwa. Naona kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa kirefu kwa sababu hakina mwizi wala ajali. Kila mtu alikuwa na nia njema, mahali penyewe ni pazuri kwelikweli, na bado ilipofika adhuhuri nusu ya msafara ulikuwa umenuna na mama mmoja anadai nauli yake. Watu waliahidiwa kazi ya moto, wakapelekwa kwenye kazi ya maji, wala hawakuandaliwa kwa hilo.

Tuanze na picha. Nguzo zile zipo, ila haziko Afrika. Ni Giant's Causeway, pwani ya Ireland ya Kaskazini, ambako kuna nguzo zipatazo 40,000 za basalti, jiwe jeusi linalotokana na lava iliyopoa. Takriban miaka milioni 60 iliyopita lava, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto la chini ya ardhi, ilimwagika pale, ikatuama, ikaanza kupoa. Ilivyopoa ilisinyaa, na kule kusinyaa kukaipasua. Nyufa zikakutana, zikashuka chini, zikalikata jiwe vipande virefu vyenye pembe tano, sita au saba, kama matope ya mikokoni yanavyopasuka maji yakishatoka na jua likayachoma siku kadhaa. UNESCO iliingiza eneo hilo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1986. Anayekwenda kule kwa matembezi ya siku moja hutembea juu ya jiwe lenyewe, mwanga mtupu, upepo wa bahari unampiga usoni. Hahitaji tochi.

Mapango ya Amboni yako kiasi cha kilomita nane kaskazini mwa mji, kando ya barabara ya Horohoro, upande wa Kiomoni, jirani na mto Mkulumuzi. Jiwe la pale ni chokaa. Ni mwamba mashapo uliojitandika chini ya bahari ya kina kifupi katika enzi ya Jurasiki, umri unaotajwa mara nyingi ukiwa miaka milioni 150. Eneo lote la chokaa hutajwa kuwa na kilomita za mraba 234. Mapango ni kumi, na linalotembelewa na wageni kwa kawaida ni moja tu. Humo unaingia ndani ya jiwe, hupandi juu yake. Kuna giza, kuna popo, kuna mahali pa kuinama na mahali pa kupita upande upande.

Sasa tazama tangazo lilivyowapanga watu hata kabla gari halijaondoka.

Wazee watatu walibaki nyumbani kwa kuwa waliambiwa ni mlima wa volkano, na mlima si wa goti bovu. Mmoja wao, bibi wa mwanachama, amezaliwa na kukulia upande huohuo wa Kiomoni. Mjukuu wake alinieleza ndani ya gari kwamba bibi aliuliza mara mbili, "Amboni kuna volkano tangu lini?" akajibiwa kwamba mambo yamegunduliwa. Msafara ukaondoka bila mtu pekee aliyepajua mahali tangu utotoni. Hasara hiyo mimi naihesabu kuwa kubwa kuliko zote za siku ile.

Upande wa pili, mama mmoja mwenye pumu alikuja akiamini atakuwa kwenye hewa ya wazi muda wote. Waliokuja walibeba kofia, miamvuli ya jua, na maji mengi. Hayo ni mazuri. Tochi zilikuwa mbili kwa watu karibu thelathini. Waliobaki walitegemea simu, na simu zenyewe tangu Ngamiani zilikuwa zinapiga video. Viatu vilikuwa vya kila namna, na vingi ni kandambili, sababu katika picha jiwe lilionekana kavu na lenye ngazi. Ilikuwa mwishoni mwa Machi, masika ndiyo kwanza yameanza kunyesha usiku, na njia ya kwenda pangoni ilikuwa na utelezi.

Langoni kuna bango la Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, ambayo siku hizi ndiyo inayosimamia mapango haya. Mratibu wetu aliliona akafurahi, akawaambia watu, "Si mnaona? Ngorongoro." Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Ngorongoro ni volkano ya kweli, kreta iliyobaki baada ya mlima kuporomoka ndani yake, na kila mtoto wa shule anajua hivyo. Mtu asiye na habari za namna mamlaka zinavyogawana kazi angeunganisha jina na jiwe bila tabu.

Mwongozaji alikuwa kijana mpole. Alitukaribisha, akaanza kueleza kwamba tuko kwenye mwamba wa chokaa.

"Kaka, samahani," mratibu akamkatiza, "tumeambiwa hapa ni volkano."

"Nani kawaambia?"

Hakuna aliyejibu. Watu wakageuka kumtazama mratibu, naye akatazama simu yake.

Ndani tulitembea kwa mtindo wa kawaida wa pale. Mwongozaji anamulika ukuta, anakuonyesha umbo: hapa meli, hapa mamba, hapa ramani ya Afrika, hapa Kibo na Mawenzi. Alieleza habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humo miaka ya 1950 wakiwindwa na serikali ya mkoloni. Alitupitisha penye Mzimu wa Mabavu, ambako watu bado huja kuomba na kuacha sadaka zao, na kina mama wetu walinyamaza kwa heshima, wawili wakafunga mitandio vizuri. Hizo zilikuwa dakika nzuri za safari, kwa sababu pale hakuna aliyekuwa anatafuta volkano.

Kwingineko kote walikuwa wanaitafuta. Vijana waliuliza lava ilipita wapi. Mtoto mmoja aliuliza kama ukuta bado una joto, akaugusa, akasema ni wa baridi, akakata tamaa. Juu ya kichwa chake mawe yananing'inia, na kwenye ncha ya jiwe moja tone la maji limejikusanya, linakaribia kudondoka. Tone kama lile ndilo lililoyajenga mawe yale. Watu karibu thelathini walipita chini yake na hakuna aliyeinua macho. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu tone la Amboni ni miongoni mwa vitu adimu vya jiografia ambavyo mtoto wa Tanga anaweza kuvishuhudia vikifanya kazi mbele ya macho yake.

Yule mama mwenye pumu alifika kona ya kwanza yenye wembamba, harufu ya popo ikamkaba, akaomba kutoka. Alitolewa salama na binti yake. Alikaa nje chini ya mti kwa muda wote uliobaki. Tulipotoka ndiye aliyesimama wa kwanza: "Mimi nililipia kutembea juu ya mawe ufukweni. Nirudishieni changu." Wengine wakaunga mkono, baadhi kwa sababu zao za kweli, baadhi kwa njaa.

Aliyetuliza mambo ni mzee mmoja, fundi mwashi mstaafu, ambaye ujanani alifanya kazi kwenye matanuri ya chokaa. Alikuwa kimya siku nzima. Kwenye chakula kulikuwa na viazi karai na mihogo, na pamoja navyo ndimu. Mzee akachukua ndimu moja, akatoka nayo mpaka nje ya eneo la mapango, barabarani kwenye kokoto zilizomwagwa, akaokota moja na kipande cha tofali la kuchoma. Akakwaruza kokoto kwa kisu mpaka ikatoa unga mweupe, akaikamulia ndimu. Unga ukatoa povu dogodogo. Akalikwaruza na tofali, akalikamulia. Kimya.

"Shikamoo babu, hiyo ni dawa gani?" mtoto akauliza.

"Marahaba. Si dawa. Jiwe la chokaa halivumilii ndimu. Hili tulilichoma sisi, likajenga nyumba za mji huu. Jiwe la volkano halichomwi likawa chokaa, mjukuu wangu."

Nimefundisha mada ya miamba kwa miaka, na sijapata kuona jaribio lililowakamata watu namna ile. Mzee alifanya jambo la maana pia kwa kutoka nje ya hifadhi kwanza. Kuta za pangoni hazikwaruzwi wala hazimwagiwi kitu. Nikaombwa niongezee maelezo, nikasema haya ninayoyaandika sasa.

Mvua ikishuka inachukua kabonidayoksaidi kidogo hewani, na nyingi zaidi kwenye udongo ambamo mizizi na majani yanayooza yanaitoa. Maji yanageuka asidi dhaifu sana, dhaifu kuliko ndimu mara nyingi, lakini hayana haraka. Yanaingia kwenye nyufa za chokaa na kuiyeyusha, ufa unakuwa mfereji, mfereji unakuwa chumba. Maji yakishateremka na kuupata uwazi wa pango, ile hewa inatoroka, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka inarudi kuwa jiwe, chembe kwa chembe, kwenye ncha ya tone. Kwa hiyo maji yaleyale yanabomoa juu na kujenga chini. Lile povu la ndimu ni hewa hiyohiyo inayotoka. Na wachoma chokaa wa pwani, wanapolipandisha joto jiwe au tumbawe mpaka kiasi cha nyuzijoto 900, wanachokitoa ndani yake ni hewa hiyohiyo tena, inabaki chokaa ya kujengea. Magofu ya Tongoni, kusini mwa mji, yamesimama kwa elimu hiyo. Kiwanda cha saruji cha Pongwe nacho kiko Tanga kwa ajili ya jiwe hili.

Basi kwa nini watu wenye akili timamu, wazaliwa wa Tanga, waliamini volkano? Lawama zote zilimwangukia mratibu, na mimi sikubaliani nazo. Alikosea, lakini alikosea kwa kufuata dalili ambazo mji mzima unazo.

Ya kwanza na yenye nguvu ni chemchemi za Galanos. Hapohapo upande wa Amboni kuna maji ya uvuguvugu yenye kiberiti, yaliyopewa jina la Galanos, mlowezi wa Kigiriki mwenye mashamba ya mkonge. Maji yanatoka ardhini na joto lake na harufu ya yai bovu, na mtu yeyote aliyesoma kidogo anafikiria moto chini. Lakini maji hayahitaji volkano ili yapate joto. Kadiri unavyoshuka ardhini joto linapanda, kwa kawaida kiasi cha nyuzi 25 hadi 30 kila kilomita moja. Maji yakizama kwenye ufa mrefu na kupata njia ya kurudi juu upesi, yanafika yakiwa bado na joto la kule yalikotoka.

Ya pili ni milima. Kutoka Tanga unaiona Usambara, na mlima mrefu zaidi tunaoujua nchini, Kilimanjaro, ni volkano. Mtu anaichanganya. Usambara haikumwagwa na moto wowote. Ni miamba geu ya zamani mno, yaani miamba iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, iliyonyanyuliwa kwa mipasuko ya ardhi. Halafu kuna ile hadithi kwamba mapango ya Amboni yanakwenda mpaka Kilimanjaro, na kwamba mbwa aliyepotelea humo alionekana kule. Wengine husema Mombasa. Pango likiaminika kuunganishwa na Kilimanjaro, ni hatua fupi kuamini kwamba moto wa kule umefika huku. Upimaji uliofanyika mwaka 1994 ulikuta pango refu kuliko yote likiwa na mita 900. Ni urefu wa kutosha kumpotezea mtu siku yake, lakini haufiki hata mjini.

Hadithi hiyo sitaki kuidharau, maana inafanana ajabu na ya kule kwenye picha. Wenyeji wa Ireland walisimulia kwamba nguzo zile zilijengwa na jitu liitwalo Finn McCool, ili livuke bahari likapambane na jitu mwenzake wa Scotland. Scotland, kwenye kisiwa cha Staffa, kweli kuna nguzo za basalti kama zile, hivyo hadithi ilikuwa na macho yake. Sehemu mbili zilizo mbali namna hii, jiwe moja la moto na jingine la maji, zote watu wamezipa njia ya kwenda mbali. Anayeona jiwe lisilofanana na mawe ya kawaida huuliza kwanza limetoka wapi na linakwenda wapi, na akikosa mtu wa kumjibu hujijibu mwenyewe.

Na wasomi nao wamewahi kukosea, tena kinyume chetu. Katika karne ya 18, Ulaya, wengi waliamini basalti ilitokana na maji ya bahari. Abraham Gottlob Werner wa Ujerumani alilifundisha hilo kwa nguvu na wanafunzi wake wakalitetea. Mfaransa Nicolas Desmarest alizifuata kwa miguu nguzo za basalti za Auvergne, akaona zimeungana na mikondo ya lava ya volkano zilizozimika, akasema ni za moto. Michoro ya Giant's Causeway iliyofanywa na Susanna Drury, ambayo ilimpatia tuzo Dublin mwaka 1740, ilisaidia watu wasiowahi kufika kule kuziona nguzo hizo zilivyo. Mabishano yalichukua miongo kadhaa. Kilichoyamaliza ni watu kutembea mpaka kwenye jiwe na kulifuata linakoanzia. Nilimweleza hayo mratibu tulipokuwa tunarudi, kwa sababu alikuwa ameinamisha kichwa tangu Kiomoni, naye nilimwona anastahili kuyajua.

Turudi kwenye hesabu ya siku. Tangazo lingesema "pango la chokaa", bibi wa Kiomoni angekuja. Mama mwenye pumu angebaki, au angekuja akijua atakaa nje na maji yake na kivuli chake, na hapo hana la kudai. Kila mtu angebeba tochi na viatu vya kufunga. Safari ingesogezwa mpaka masika yaishe, kwa kuwa penye jiwe lililotengenezwa na maji, mvua ndiyo ya kuulizwa kwanza: utelezi wa njia, ujazo wa mto, udondokaji wa matone ndani. Muda nao ungepangwa vingine. Pangoni hakuna jua, hivyo saa za mchana mkali ndizo za kuwa ndani, na asubuhi ndiyo ya kutembea nje, kandokando ya Mkulumuzi. Sisi tulichelewa kutoka Ngamiani, tukatembea nje jua la utosi, na tukawa pangoni wakati kila mtu ameshachoka.

Kuna waliosema kwenye gari kwamba yote haya ni makuzo, jiwe ni jiwe, mtu akifurahi inatosha. Siafiki. Hawakufurahi. Mtoto aliyegusa ukuta akitafuta joto alirudi na neno "uongo" mdomoni, na mahali alipolibandika si kwenye tangazo, alilibandika Amboni. Mahali pasipo na kosa lolote pameharibiwa sifa kwa sifa isiyo yake.

Kuhusu madai ya nauli, nilitakiwa ushauri na nikautoa. Yule mama arudishiwe fedha yake yote kutoka mfuko wa kikundi, kwa kuwa alilipia kitu ambacho hakikuwepo na kilichokuwepo kilimdhuru. Wengine wasirudishiwe, wameingia, wameongozwa, wamekula. Badala yake kikundi kipange safari ya pili huko huko, ya gharama nafuu, wakati wa kipupwe, ikiwa na Galanos ndani yake. Mratibu abaki yuleyule, ila maelezo yapitiwe na yule fundi mwashi kabla hayajatumwa. Atakayetaka volkano yenyewe ajue kwamba kutoka Tanga si safari ya kutwa. Akachange fedha ya kulala Moshi, kule basalti ataikanyaga njiani.

Kikao kilikubali yote isipokuwa la Moshi, ambalo limeahirishwa. Bibi wa Kiomoni ametumiwa ujumbe aje, na amejibu kwamba atakuja iwapo gari litasimama mpaka karibu na lango, maana goti kweli linauma. Tarehe itatajwa mto ukipungua.